Kanuni ya Hewa Katika Mji wa San Francisco

Hapana mwenye akili atakayekanusha kwamba kila chumba kina kadiri yake, na kwamba watu wakirundikana usiku mahali finyu, maradhi huambukizana upesi na moto ukizuka huwa msiba mkubwa; kwa hiyo kuweka idadi ya watu watakaolala katika nyumba ya kupanga si dhulma kwa asili yake. Hata hivyo idadi hiyo hiyo, ikitiwa mikononi mwa wenye chuki, yaweza kugeuka silaha, na ushahidi wake umo katika historia ya San Francisco, mji wa jimbo la California huko Marekani.

Wachina walianza kumiminika huko katika siku za kutafuta dhahabu, na baadaye maelfu yao wakaijenga kwa jasho lao reli iliyovuka bara zima, ambayo ilikamilika mwaka 1869. Kazi ile ilipokwisha, wengi waliingia mjini kutafuta riziki kwa kusokota sigara, kushona viatu na kufua nguo; na kwa kuwa mitaa mingine iliwakataa, walikaa pamoja katika mtaa mmoja kandokando ya Dupont Street, wakishirikiana vyumba ili ujira wao mdogo utoshe kodi na ubakie wa kuwapelekea jamaa zao. Wenye majumba ya mtaa huo aghlabu walikuwa Wazungu, na kodi ya msongamano ule waliipokea pasipo karaha.

Mwaka 1870 baraza la mji, likishawishiwa na chama kilichowapinga wafanyakazi wa Kichina, lilipitisha kanuni kwamba kila mtu mzima alalaye katika nyumba ya kupanga sharti awe na futi za ujazo 500 za hewa, hata chumba chenye futi kumi kwa urefu, kwa upana na kwa kimo kikawa hakiruhusiwi kulaza zaidi ya watu wawili. Maneno ya kanuni hayakutaja taifa lolote, na mwenye kupangisha naye alitiwa ndani yake. Lakini askari walivamia usiku nyumba za Wachina, wakawaacha maskini wengine waliosongamana vivyo hivyo, na aliyeshikwa aghlabu alikuwa mpangaji usingizini, wala si mpokea kodi. Wachina wengi walikataa kulipa faini, wakachagua kifungo, mpaka gereza lenyewe likajaa hata wafungwa wakakosa ile hewa ambayo kwa ajili yake walikuwa wamefungwa.

Ndipo mwaka 1876, ili kuwashurutisha walipe faini badala ya kufungwa, baraza likaamuru kila mfungwa anyolewe, nywele zisizidi inchi moja, nalo likijua fika kwamba kwa Mchina wa zama zile kukatwa msokoto wake wa nywele ni fedheha kubwa. Mwaka 1878 Ho Ah Kow, aliyehukumiwa kwa sheria ya hewa kulipa dola 10 au kufungwa siku tano, alinyolewa gerezani, naye akamshtaki sherifu aliyesimamia gereza hilo, Matthew Nunan. Mwaka 1879 Jaji Stephen Field aliamua kwamba amri ile, ijapokuwa iliandikwa kana kwamba yawahusu watu wote, ilikusudiwa kuwatesa Wachina, na kwa hiyo ilivunja haki ya usawa iliyomo katika katiba. Kanuni ya hewa haikubatilishwa na hukumu ile.

Sheria ya Marekani ya leo inakiri mambo yote mawili: kwamba mpaka wa idadi waweza kuwa wa haki, na kwamba waweza kugeuka silaha ya ubaguzi. Marekebisho ya mwaka 1988 ya sheria ya makazi yalikataza kuwabagua wapangaji kwa sababu ya watoto wao, huku yakiruhusu mipaka ya idadi iliyo ya kiasi; na mwongozo wa serikali wa mwaka 1991 ulieleza kwamba watu wawili kwa kila chumba cha kulala ni kadiri inayokubalika kwa kawaida, bali ukubwa wa chumba na umri wa watoto vizingatiwe. Mwenye nyumba basi aweza kuweka mpaka, maadamu mizani ni moja kwa wote. Lakini mimi naona insafu haijatimia hapo, kwani San Francisco iliwatoa watu vyumbani kwa kukosa hewa bila kuwafungulia mlango mwingine. Na serikali imwamuruyo maskini apunguze wenzake chumbani yawajibika kuhakikisha kwamba wale wanaotoka wana mahali pa kupokewa, kwa kodi wanayoiweza.