Aliyeuza Pembe Aliandika, Aliyelinda Tembo Hajaandika

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Mwaka uliofuata Meyer alichapisha kitabu cha safari hiyo huko Ujerumani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza njiani, hakuacha kitabu. Heshima ilimfikia mwaka 1989, karne moja baadaye, akiwa mkongwe.

Pengo hilo limeendelea katika historia ya uhifadhi. Kitabu mashuhuri cha Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti kilitoka mwaka 1959, mwaka ambao mwanawe, Michael, alifariki kwa ajali ya ndege akiwa kazini humo. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu. Na mwaka huohuo Wamasai waliondolewa Serengeti. Simlaumu kwa kuandika. Ninachosema ni kwamba hoja iliyoandikwa ndiyo hufika mezani pa mtunga sera.

Wapo wanaojitetea kwamba sisi ni watu wa masimulizi tu. Sikubaliani nao. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na humo pembe za ndovu ni mali ya kutafutwa na kuuzwa. Lugha tunayo, na mfano tunao. Kinachokosekana ni sauti ya aliyelinda.

Sauti hiyo haiko mbali. Chuo cha Mweka kimefundisha wahifadhi tangu 1963, na wa mwanzo wao sasa ni wazee. Hapa Tarakea, inapoanzia njia ya Rongai, wamo wapagazi, ambao siku hizi twawaita wagumu, na wakulima wanaokesha kulinda mahindi dhidi ya tembo. Wapo pia wanaoikumbuka "nusu maili", ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa kuingiza msitu wa mlima. Nani ataandika maana ya mabadiliko hayo kwa mama aliyezoea kuchanja kuni humo?

Mwanafunzi, unaporudi likizo, keti na babu yako aliyekuwa askari wa wanyamapori, umrekodi. Mtumishi unayestaafu, andika mwenyewe. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watausoma mlima wao katika vitabu vya wageni.