Profesa na Muuaji wa Idaho

Katika mwaka 1907, Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha ilimu ya nafsi katika chuo cha Harvard, alisafiri mpaka Boise, Idaho, huko Marekani, ili ampime Harry Orchard, ambaye alikiri kumuua gavana wa zamani, Frank Steunenberg, kwa bomu lililotegwa langoni pa nyumba yake, na kudai kwamba alitumwa na wakuu wa chama cha wachimba madini. Akaketi naye, akimtamkia neno moja moja, mengine yanukayo jinai, mengine ya kawaida, na huku akipima kwa saa muda wa kila jawabu. Kwani itikadi yake ilikuwa kwamba mwenye kuficha jambo husita, ijapokuwa kwa sehemu ndogo ya nukta.

Akahukumu kwamba Orchard asema kweli, na rai hiyo, kwa fedheha yake, ikavuja magazetini kabla kesi haijakatwa. Wazee wa baraza, ambao hawakuwa na saa ya namna ile, wakamwachilia huru William Haywood, mmoja wa wakuu hao wa chama, aliyeshitakiwa katika kesi hiyo. Mwaka 1909 John Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi, akamkejeli profesa kwa makala ya mahakama ya kubuni, na kwa maoni yangu alistahiki. Orchard alifia gerezani mwaka 1954.