Faida, Fedha Taslimu na Muflisi: Funzo la Hesabu za Kampuni ya W. T. Grant

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya hesabu za kampuni aghalabu hukutana na maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku hushika mahali pamoja: mapato, faida na fedha. Sokoni mchanganyiko huo hauna madhara makubwa. Katika vitabu vya hesabu, hata hivyo, kila neno lina mpaka wake, na historia yaonyesha kwamba wako waliopoteza mali zao kwa kutouangalia mpaka huo. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja.

Kampuni ya W. T. Grant ilianza mwaka 1906 katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa duka la bidhaa zisizozidi bei ya senti 25. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na maduka zaidi ya 1,000. Hesabu zake zilionyesha faida mwaka baada ya mwaka, na wenye hisa waliendelea kupata gawio hadi mwaka 1974. Oktoba 1975 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, na mwaka uliofuata mali zake zikauzwa.

Je, faida ile ilikuwa ya uwongo? La. Maduka hayo yaliuza sana kwa mkopo. Kwa kanuni za uhasibu, mauzo ya mkopo huandikwa kuwa mapato siku mnunuzi anapokabidhiwa bidhaa, ijapokuwa atalipa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Basi faida iliongezeka katika vitabu, wadaiwa wakaongezeka, bidhaa zikajaa maghalani, lakini fedha zenyewe hazikuonekana. Pengo hilo lilizibwa kwa mikopo ya benki. Mwaka 1980 wataalamu James Largay na Clyde Stickney walichapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka kumi kabla ya anguko, shughuli za kampuni zilikuwa zikila fedha kuliko zilivyoleta.

Kabla ya hapo, mwaka 1968, Edward Altman alikuwa amelinganisha kampuni 66 za viwanda, nusu yake zilizofilisika, akaunganisha uwiano wa aina tano kuwa kipimo kimoja cha kubashiri kufilisika. Kipimo hicho kingali kikitumika. Lakini uwiano hauwezi kusema zaidi ya tarakimu zilizoingizwa ndani yake. Hapana budi fedha nazo zihesabiwe peke yake. Na mwaka 1987 kanuni za uhasibu za Marekani zikazilazimisha kampuni kutoa taarifa ya mtiririko wa fedha.

Kiswahili hakikuachwa nyuma katika jambo hili. Neno *muflisi* tumelipata katika Kiarabu, nalo lina mzizi mmoja na *fulusi*. Kwa asili yake, basi, neno hilo haliulizi kama mtu alipata faida. Lauliza kama anazo sarafu za kulipia.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri na walimu wazingatie haya. *Mapato* yawe stahili ya kampuni, imelipwa au haijalipwa. *Faida* iwe kinachobaki baada ya kutoa gharama katika mapato. *Fedha taslimu* ziwe zile zilizomo mkononi au benki. *Gharama* isichanganywe na *malipo*: uchakavu wa mashine ni gharama, lakini hakuna senti inayotoka kwa ajili yake mwaka huo. *Ukwasi*, ambao katika lugha ya kawaida ni utajiri, katika uhasibu ni uwezo wa kulipa madeni yanapoiva. Mwenye majumba mengi aweza kuukosa.

Mwanachama wa ushirika anayesomewa kwamba chama chake kimepata faida ana haki ya kuuliza fedha ziko wapi. Istilahi zikivurugika, hata swali hilo hataweza kuliuliza.