Saa Iliyomo Ndani ya Jiwe

Msomaji, ukisafiri kutoka Ruiru kwenda Thika, huenda usione ajabu yo yote. Utapita mahali palipokuwa mashamba ya kahawa na mkonge, ambapo sasa nyumba zinazidi kusongamana, na machimbo ambamo mafundi huchonga mawe ya kujengea. Mawe hayo mengi ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Lakini geuza uso upande wa mashariki, utauona mlima uliosimama peke yake, Kilimambogo, uitwao pia Ol Donyo Sabuk. Huo haukutokana na volkeno. Miamba yake ni ya ukoo mwingine, mikongwe mno, iliyochomwa na joto, ikaminywa na kukunjwa hata ikawa na mistari kama mkeka. Iliminywa lini?

Wataalamu wa zamani hawakuweza kulijibu swali hilo. Walijua kupanga tu: tabaka la chini limelitangulia la juu, na ufa umekuja baada ya mwamba uliopasuliwa. J. W. Gregory, aliyelichunguza Bonde la Ufa mwaka 1893, alikuwa na elimu hiyo basi. Aliweza kusema lipi lilitangulia. Idadi ya miaka hakuwa na njia ya kuipata.

Njia ilianza kufunguka mwaka 1911. Kijana Mwingereza, Arthur Holmes, umri wake miaka 21, alitangaza umri wa miamba kadha kwa kupima urani na risasi zilizomo ndani ya madini, kwa kuwa urani hugeuka polepole kuwa risasi. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria. Wakati huo haikujulikana kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali. Neno isotopu lilitangazwa na Frederick Soddy mwaka 1913. Holmes hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1951 alichapisha maelezo ya ukanda mrefu wa miamba iliyokunjwa, akauita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo wapita Tanzania na kuingia Kenya, na Kilimambogo ni sehemu yake.

Sasa fikiri jambo hili, kwani hapa ndipo penye kiini cha habari. Mwamba mmoja waweza kuwa na saa mbili zisizosema sawa, na zote mbili zikawa za kweli. Punje ya zirkoni inapoumbika huipokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayotokana na urani huhesabu miaka tangu punje hiyo ilipozaliwa, wala joto la nyuzi mia kadha haliitoi. Ulanga una tabia nyingine. Ndani yake mna potasiamu 40, ambayo nusu yake huisha kwa miaka milioni 1,250, na sehemu yake hugeuka gesi ya argoni. Joto likizidi nyuzi 300 hivi, gesi hutoroka, kama maji katika mtungi wenye tundu, na hesabu huanza upya mwamba unapopoa. Tena, ardhi inapokatika na kusagika kwa kina, ulanga mpya huweza kuota katika ufa wenyewe. Basi anayetaka kujua mwamba ulizaliwa lini huiuliza zirkoni. Anayetaka kujua ulipata taabu lini huuliza ulanga. Kwa njia kama hizi imejulikana kwamba Ukanda wa Msumbiji uliminywa hasa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana.

Lakini saa hizi hudanganya zikisomwa vibaya. Mwaka 1969 majivu ya volkeno kutoka Koobi Fora, karibu na Ziwa Turkana, yalipimwa. Kipimo cha kwanza kilitoa zaidi ya miaka milioni 200, maana punje za miamba ya kale zilikuwa zimechanganyika humo! Kipimo cha pili kikatoa milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliokota huko vipande vya fuvu mashuhuri, chini ya majivu hayo, na ubishi ukapamba moto: binadamu wa kale aliishi lini? Wengine waliona kwamba mifupa ya nguruwe haikubaliani na umri huo. Walikuwa na haki. Vipimo vipya vilionyesha karibu miaka milioni 1.9, na ubishi ulichukua miaka kumi hivi kumalizika.

Kwenye nyanda za Athi, kusini mwa Thika, lava iitwayo Kapiti, yenye umri wa miaka milioni 13 hivi, imelala juu ya miamba ya Ukanda wa Msumbiji. Ukiweka kidole mahali zinapokutana, juu ya kidole ni volkeno ya juzi, na chini yake ni mwamba uliominywa zaidi ya miaka milioni 500 kabla ya lava hiyo kumwagika.