Taka za Jiji na Haki ya Mtaa

Ndugu msikilizaji, jiji linapokua kwa kasi, watu wake hupenda kuhesabu faida. Tunahesabu barabara mpya, masoko, viwanda, shule na majengo marefu. Hiyo ni haki yetu, maana hakuna anayetaka kuishi katika mji uliolala. Lakini kila ukuaji una mzigo wake, na mzigo huo ni lazima utuliwe mahali fulani. Utatuliwa kwenye mtaa wa nani? Na huyo mwenye mtaa ataulizwa lini, kabla ya mzigo kufika au baada ya kuwa umekwisha kutuliwa mlangoni pake?

Katika mazungumzo yetu ya leo tutaitazama historia ya Jiji la Dar es Salaam, hasa miaka ya mwisho ya themanini na ya mwanzo ya tisini, wakati wakazi wa mitaa ya kawaida walipoipeleka Halmashauri yao ya Jiji mahakamani kwa sababu ya takataka. Ni historia inayofundisha mengi, na baadhi ya mafunzo yake ni machungu.

Kwanza tukumbuke jiji lilikuwa limefikia wapi. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 270,000 katika Dar es Salaam. Sensa ya 1978 ikakuta zaidi ya 840,000 katika mkoa mzima. Ilipofika 1988, mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Yaani mtoto aliyezaliwa Magomeni wakati wa sensa ile ya kwanza, alipotimiza miaka ishirini na mmoja alikuwa akiishi katika jiji jingine kabisa, ingawa jina lilikuwa lile lile.

Katikati ya ukuaji huo, jiji lilipita kipindi lisipokuwa na halmashauri. Utaratibu wa Madaraka Mikoani uliotangazwa mwaka 1972 uliziondoa halmashauri za miji, na kazi zake zikachukuliwa na ofisi za mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kusogeza madaraka karibu na wananchi, lakini mijini huduma zilizorota. Mifereji iliziba, barabara zilichimbika, uchafu ulilundikana, na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya sabini kikawazindua wengi. Mwaka 1978 serikali ikazirudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa. Kwa hiyo halmashauri iliyorudi ilikuta jiji limekwisha kuikimbia kwa mbali. Magari ya taka yalikuwa machache na mabovu, fedha hazikutosha, na sehemu kubwa ya uchafu haikuzolewa kabisa. Kile kidogo kilichozolewa kilimwagwa Tabata.

Ndugu msikilizaji, ni vema tuelewe maana ya kuishi jirani na jalala la jiji zima. Taka zikilundikana huoza. Zikioza hutoa harufu na kuzaa nzi, na nzi hawajui mpaka kati ya jalala na meza ya chakula. Zikichomwa, moshi huingia vyumbani mchana na usiku, na mwenye pumu na mtoto mchanga hawana pa kukimbilia. Mvua ikinyesha, maji machafu hutiririka kufuata mteremko. Wakazi wa Tabata waliishi hivyo, na walipochoka wakaenda Mahakama Kuu. Kesi yao, ya madai namba 299, ilifunguliwa mwaka 1988.

Mwaka huo una maana yake. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu kwa marekebisho ya mwaka 1984, lakini utekelezaji wake mahakamani ulisogezwa mbele hadi Machi 1988, ili serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Kwa hiyo watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wananchi wa mwanzo kabisa waliobisha hodi mahakamani mara mlango ule ulipofunguliwa. Wala hawakubisha kwa mambo makubwa ya siasa. Walikwenda kwa ajili ya moshi, nzi na harufu.

Mahakama iliwasikia. Iliiamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pengine ambapo afya za watu hazitahatarishwa. Mtu angedhani shauri limekwisha hapo. Lakini Halmashauri iliomba muda, ikapewa. Magari yakaendelea kwenda Tabata. Iliongezewa muda hadi mwisho wa Agosti 1991, na muda huo ulipokaribia kwisha ikarudi tena kuomba mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba jiji haliwezi kuachwa bila jalala, na kwamba mahali pengine palikuwa hapajawa tayari.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana hata mkazi wa Upanga au Ilala alikuwa na haki ya kuzolewa taka zake. Lakini Jaji Kahwa Lugakingira, aliyeamua ombi hilo Septemba 1991, aliitazama kwa upande wa pili. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani, kwa kujiamini kabisa, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Ombi likakataliwa.

Maana ya uamuzi huo ni hii: neno "manufaa ya umma" halimpi mtu kibali cha kuwaumiza baadhi ya umma huo huo. Watu wa Tabata nao ni umma. Kwa mawakili na wanafunzi wa sheria, kesi ile imebaki kuwa moja ya misingi ya haki ya mazingira katika nchi yetu. Kwa mwananchi wa kawaida ilithibitisha jambo rahisi zaidi, kwamba mtaa unaweza kusimama mbele ya jiji na ukasikilizwa.

Je, taka zilikwenda wapi baada ya hapo? Hapa ndipo historia yetu inapopinda. Halmashauri iliyageuza magari yake kuelekea kaskazini, Kunduchi Mtongani. Nako kulikuwa na watu. Zaidi ya hayo, katika mipango ya jiji eneo lile lilikuwa limetengwa kwa makazi, wala si kwa jalala. Yaani Halmashauri, yenye jukumu la kuilinda ramani ya jiji, ndiyo iliyokuwa ikiivunja. Wakazi zaidi ya mia saba wakaungana na kufungua shauri mwaka 1991. Mahakama Kuu ikakubaliana nao pia, kwamba Halmashauri ilikuwa imetoka nje ya mamlaka iliyopewa na sheria.

Magari yakageuzwa tena. Mwaka 1992 jalala la jiji likafunguliwa Vingunguti, karibu na bonde la Mto Msimbazi, pembeni mwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Hapo taka zilimwagwa kwa karibu miaka kumi. Baadaye zikahamia Mtoni, na kisha Pugu Kinyamwezi.

Ndugu msikilizaji, tusikimbilie kuwalaumu watu wa Tabata na Mtongani. Walidai haki yao kwa njia ya sheria, na walishinda kwa haki. Hakuna mtu anayepaswa kuvumilia moshi wa sumu eti kwa sababu akikataa utamfikia jirani. Lakini tukubali kwamba ushindi wao haukupunguza hata debe moja la taka za jiji. Uliziondoa mlangoni pao, na Halmashauri ikaelewa hukumu kama amri ya kugeuza usukani, badala ya kuielewa kama amri ya kupanga. Mzigo ukateremka kama maji yateremkavyo, kutoka kwa waliopata sauti hadi kwa wale ambao sauti yao ilikuwa bado haijasikika. Mtu asiye na hati ya kiwanja husita kwenda mahakamani kuitetea nyumba yake, kwa kuhofia kuulizwa kwanza kama nyumba yenyewe ni halali.

Historia ya miaka hiyo hiyo inao pia mfano mwingine. Katika eneo la Hanna Nassif, Kinondoni, watu walikuwa wakiteswa na mafuriko kila masika. Nyumba zao zilijengwa bila mipango, na wangeweza kuambiwa kwamba kosa ni lao wenyewe. Badala yake waliunda chama cha maendeleo cha mtaa, na katika miaka ya tisini, kwa kushirikiana na Jiji na wafadhili, wakajenga mifereji na barabara kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe. Hapo hapakuwa na mshtaki wala mshtakiwa. Halmashauri ilikaa meza moja na mtaa, na maji yakapata njia. Palikuwa na kasoro, kama ilivyo kwa kazi yoyote ya watu, lakini ilionekana wazi kwamba mtaa wa maskini ukiulizwa mapema huwa na majibu.

Leo hii Dar es Salaam si ile ya 1991. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Malalamiko ya mitaa nayo yamebadilika sura. Uwanja ambao watoto waliuchezea mpira unaweza kuzungushiwa mabati ghafla. Ghorofa linainuka katikati ya nyumba za chini, na bomba la maji machafu ni lile lile la zamani. Baa inafunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mgonjwa. Na yapo mambo makubwa zaidi ya kero. Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya thelathini. Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka Kariakoo, na watu wasiopungua ishirini na tisa wakapoteza maisha. Baada ya kila msiba huulizwa maswali yale yale: nani alitoa kibali, nani alikagua, na nani aliona dalili mapema.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloturudisha Tabata. Mara nyingi anayeona dalili kwanza ni mkazi. Yeye ndiye anayesikia nyundo usiku wa manane, na anayeona nguzo ya chini ikivunjwa ili kupanua duka. Mkaguzi hupita mara moja. Jirani yupo siku zote. Halmashauri inayomwona jirani huyo kuwa mkorofi inapoteza mkaguzi asiyelipwa mshahara.

Kwa upande wetu wakazi, historia hii inatupa kazi. Ya kwanza ni kuijua ramani. Watu wa Mtongani walishinda kwa sababu mipango ya jiji ilikuwa upande wao, na walijua hivyo. Mkazi anayo haki ya kwenda ofisi ya mipango miji na kuuliza eneo lake limetengwa kwa matumizi gani. Ya pili ni kuwahi. Matumizi ya kiwanja yanapotaka kubadilishwa hutolewa tangazo ili wenye pingamizi waseme. Tukilisoma tangazo hilo na kunyamaza, tutabaki kulalamika wakati zege limekwisha kukauka. Ya tatu ni kuandika na kutunza nakala, kwa sababu malalamiko ya barazani hayana tarehe wala muhuri. Ya nne ni kuungana. Saini mia saba hazipotei kirahisi katika faili.

Na iko ya tano, ngumu kuliko zote. Mtaa unaposema "hapa hapana", uwe tayari kuuliza pia "basi wapi, na kwa utaratibu gani?" Jiji haliwezi kuishi bila jalala, bila kituo cha mabasi, bila machinjio. Hatima ya vitu hivyo haipaswi kuamuliwa kwa kutafuta mtaa ulio mnyonge kuliko mingine. Mzigo wa wote upangwe na wote, uwekwe mahali panapostahili kwa vipimo vya kitaalamu, na watakaokaa jirani nao walindwe na kufidiwa.

Halmashauri nazo zikumbuke kwamba Katiba, katika Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwananchi anayekuja na barua mkononi kuutetea mtaa wake hajaja kuzuia maendeleo. Amekuja kuyatumia madaraka hayo. Apewe kiti, asikilizwe, na ajibiwe kwa maandishi. Watu wa Tabata walilazimika kungoja tangu 1988 hadi 1991, na muda wote huo moshi uliendelea kuingia vyumbani mwao.