Ndai Yako Inanguruma Ukishika Spidi? Hivi Ndivyo Utajua Kama Ni Tairi ama Beringi

Wasee wenye magari mnaijua hii. Umetoka tao jioni, umeingia Thika Road, barabara imefunguka. Ukifika 60 unaskia "wuuuu" imeanza kutoka chini. Ukigonga 80 imekuwa kama ndege inataka kupaa. Unaongeza mziki, maisha inaendelea.

Beshte yangu anaendesha teksi ya app na aliongeza mziki miezi miwili. Ilipomzidi akaingia gereji ya mtaa, fundi akaskiza kidogo tu na kumwambia, "Hizo ni tairi, budaa." Akakopa, akanunua nne mpya. Siku hiyo hiyo akashika bypass: "wuuuu" bado iko! Kumbe ilikuwa beringi moja ya mbele kushoto. Gari si yake, kila jioni lazima apeleke doo ya mwenyewe, na sasa alikuwa na deni ya tairi juu yake.

Hii stori ni ya kukuokolea hiyo doo, na pengine pia maisha.

Sauti inatoka wapi?

Kuna washukiwa wawili wakubwa.

Beringi ni ile chuma ya mviringo yenye gololi ndani, inayokaa kwa habu ili gurudumu lizunguke bila kukwaruzana. Ndani kuna grisi, na pembeni kuna sili ya kuzuia maji na vumbi. Ukipiga mashimo kila siku, ukiruka matuta ama ukipita maji ya mafuriko, sili inachoka. Maji yanaingia, grisi inaharibika, na chuma ndani inaanza kuchimbika vishimo vidogo. Gololi zikipita hapo kwa spidi ndio unaskia ngurumo.

Tairi nayo inanguruma ikilika vibaya. Meno yake yakiwa mengine juu na mengine chini, kila moja linapiga lami kivyake. Hiyo huletwa na alaimenti mbaya, shoki zimekufa, ama kuendesha na upepo usiofaa.

Shida ni kwamba sauti zao zinafanana sana. Usikisie. Pima hivi:

1. Hakikisha si injini

Ngurumo ya magurudumu inafuata spidi ya gari, si injini. Ukiwa kwa barabara tupu, achia mafuta. Kama injini imetulia lakini "wuuuu" inashuka pole pole pamoja na spidi, shuku magurudumu. Kama gari imepaki na ukikanyaga mafuta sauti inatokea, hiyo si ya magurudumu. Na kama inabadilika ghafla kila ukikanyaga ama kuachia mafuta ukienda, mwambie fundi aangalie giaboksi na difu.

2. Skiza lami ikibadilika

Ukitoka lami mbaya ukaingia laini, sauti ya tairi hubadilika, wakati mwingine inapotea kabisa. Beringi haijali lami. Inaimba ile ile tu.

3. Skiza kwa kona pana

Ukikata kulia, uzito wa gari unalalia magurudumu ya kushoto. Ukikata kushoto, unalalia ya kulia. Kwa hivyo ngurumo ikipanda kila ukikata kulia na kupungua ukikata kushoto, shuku beringi ya kushoto. Beshte yangu alikuwa anaskia hivyo kila siku, ni vile hakujua maana yake. Hii si asilimia mia, lakini inakupa pa kuanzia. Tumia kona ya kawaida, usianze kuyumba katikati ya leni za wenyewe.

4. Pitisha mkono kwa tairi

Gari imepaki, injini imezimwa. Angalia kwanza kama kuna waya ama msumari umetokeza, alafu pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, ukienda na ukirudi. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi inakwaruza, alaimenti imeharibika. Kama unaskia milima na mabonde, shuku shoki ama balansi.

Bado huna uhakika? Hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, bora ziwe saizi moja. Sauti ikihama nazo, ni tairi. Ikibaki pale pale, shuku beringi.

5. Pandisha jeki

Paki mahali tambarare, weka mawe kwa magurudumu yanayobaki chini, na uweke stendi chini ya gari. Usiwahi kuingia chini ya gari inayoshikiliwa na jeki pekee, hata kama ni dakika moja.

Shika gurudumu juu na chini, ulitingishe. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutingisha. Mchezo ukiisha breki ikishikwa, ni beringi. Ukibaki, angalia bol jointi na vyuma vingine vya chini.

Alafu zungusha gurudumu kwa mkono, mkono mwingine ukishika springi, mbali na kitu chochote kinachozunguka. Beringi mbovu utaihisi ikitetemeka kama kuna mchanga ndani. Na usidanganyike: beringi inaweza kunguruma vizuri sana kabla haijaanza kucheza.

Usichanganye na hizi

"Tak tak tak" ukikata kona kali ni sivi jointi. Mlio mwembamba unaobadilika ukishika breki, hizo ni pedi. Hizo ni stori zingine.

Sasa kurekebisha

Kama ni tairi, fanya alaimenti na ucheki shoki kwanza. Ukiweka tairi mpya juu ya shida ya zamani, baada ya miezi kadhaa utaskia wimbo ule ule. Upepo weka kulingana na karatasi iliyobandikwa kwa mlango wa dere. Na usiuziwe tairi zee: ubavuni kuna namba nne mwisho wa msimbo wa DOT. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka wa 2019.

Kama ni beringi, inabadilishwa. Zile za kisasa zimefungwa, kwa hivyo fundi akikuambia ataongeza grisi tu, hapo kuna maswali. Gari zingine beringi inakuja pamoja na habu na inafungwa kwa bolti. Zingine lazima iingizwe na mashine ya presi, na hapa ndio wengi hupigwa. Fundi akiitandika na nyundo, gololi zinapokea kipigo na beringi mpya inaanza kunguruma kabla haijazoea gari.

Pia, kwa magari mengi ya ABS, upande mmoja wa beringi una sumaku inayosomwa na sensa. Ikiwekwa kinyume, taa ya ABS itawaka. Nati ya ekseli nayo ikazwe kwa kipimo cha gari yako, si kwa nguvu za fundi.

Ukienda kununua Kirinyaga Road, beba namba ya chesisi na ile beringi ya zamani, mlinganishe mkono kwa mkono. Bei ikiwa chini sana kuliko kwa majirani wote, jiulize kwa nini. Na si lazima ubadilishe pande zote mbili kama moja tu ndio imekufa.

Ukipuuza je?

Beringi mbovu hupata moto, mchezo unaongezeka, na mwishowe gurudumu linaweza kukwama ama kuchomoka ukiwa kwa spidi. Ngurumo ikigeuka kuwa "krrr" ya chuma kwa chuma, usukani ukitetemeka, ama gurudumu moja likitoa joto kuliko mengine, toka barabarani na uite breakdown. Usiseme utafika tu keja.

Beshte yangu alibadilisha beringi asubuhi moja, na saa sita alikuwa amerudi kazini. Bei yake haikufika hata ya tairi moja kati ya zile nne. Kwa hivyo kabla ulipe mtu, mwambie apandishe gari na akuonyeshe kitu yenyewe. Fundi anayejua kazi hatakasirika.