Manamba wa Kompyuta

Mimi ni mtu wa Uwemba, kule Njombe, ambako mwezi wa Juni ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na watu husalimiana mikono ikiwa mfukoni. Nilimaliza kidato cha nne, sasa naandika riwaya isiyokwisha. Kompyuta siijui kihivyo. Ila mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, na tangu siku ile marehemu babu hanitoki kichwani.

Babu alikuwa manamba. Ubena ulitoa watu wengi sana kwenda kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kusaka vibarua, SILABU, kikawa kinakuja mpaka huku kwetu. Kijana aliandikishwa, akapimwa na daktari, akapewa namba (ndiyo maana ya jina), safari ya Tanga ikaanza.

"Walinitazama kifua na mikono, mjukuu wangu," babu alikuwa akisema. "Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuuona mkonge."

Jamani, sisifii ukoloni. Wengi walisukumwa na kodi, mshahara ulikuwa kiduchu, na babu alikufa na makovu ya miba mikononi. Lakini asiyejua kazi alichukuliwa hivyo hivyo, akasafirishwa, akafundishwa shambani na mnyapara mwenye matusi. Gharama ya ugeni wake aliibeba mwajiri.

Sasa binamu. Huyu alijifunza kwa kompyuta kuukuu ya rafiki yake pale Njombe mjini, usiku, maana mchana rafiki aliihitaji. Tangazo la kazi lilisema wanatafuta vijana wanaoanza. Nilikaa kwenye benchi nje, mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo nilisikia. Walimpa orodha ya namba aandike ubaoni njia ya kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Akaandika. Wakamwuliza ingekuwaje kama namba zingekuwa milioni moja. Akasita kidogo, akarekebisha, wakaguna kwa kuridhika. Moyoni nikasema tayari, mchongo umetiki.

"Una uzoefu wa miaka mingapi kazini?"

"Sina bado, mzee. Ndiyo naanza."

"Tunahitaji angalau miaka miwili."

Anayeanza ataitoa wapi miaka miwili? Tulipanda basi la kurudi bila kununua hata soda.

Nikaanza kudodosa na kusoma. Kumbe serikali yetu iliweka kompyuta ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Baadaye mahesabu ya Hazina yalipovurugika kwenye mashine, mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku ilikuja kulegezwa, lakini fundi hutoka kwa fundi. Waliokuwa vijana miaka ile wangekuwa leo wakongwe wa kazi hii, wa kumkalisha binamu pembeni na kumwonyesha. Wapo, ila ni wachache kuliko ambavyo wangekuwa.

Wako waliojaribu kuubeba mzigo huo wa kufundisha. Mwaka 2014 kampuni ya Andela ilianza Lagos, ikafika Nairobi mwaka 2015 na Kampala mwaka 2017. Ilijinasibu kuwa inachukua pungufu ya mmoja katika kila waombaji mia, kwa mitihani ya mantiki na kambi ya majaribio. Aliyepita alilipwa huku akijifunza, kisha akafanyia kazi makampuni ya nje, hasa ya Marekani. Mwaka 2016 ilipata dola milioni 24, na kati ya waliotoa alikuwamo Mark Zuckerberg na mkewe kupitia taasisi yao. Hiyo ndiyo SILABU niliyoitamani: bila miba.

Septemba 2019 ikatangaza kuwaachisha kazi watengenezaji wachanga wapatao 250 wa Nigeria na Uganda, na Kenya nako panga likapita. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka wazoefu. Wachanga walikuwa wengi kuliko kazi zao. Nilipomsomea binamu habari hiyo alicheka kicheko kibaya, akasema, "Kwa hiyo hata ukipita katika wale mia, bado unaulizwa lile lile."

Sikuwa na jibu. Nilimsimulia habari za mnyapara wa babu, yule wa matusi. Akaniuliza kama yule mnyapara alimwonyesha babu namna ya kushika kisu. Nikasema ndiyo, mara ya kwanza kabisa.

Ameitwa tena, ofisi nyingine, Alhamisi ijayo. Nauli ni magunia mawili ya viazi, na moja tumeshauza Makambako.